Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani... sasa tuwape nini?

Shule zimefungwa jamani! Kama unakaa uswahilini kama mimi huhitaji kuangalia kalenda ya Wizara, masikio yako tu yanatosha. Kuanzia saa moja asubuhi mtaa mzima ni makelele, geti linabamizwa, mpira unapiga bati la jirani, na kuna mama anaita jina la mwanae mara kumi bila kuitikiwa.

Kwa wadau mnaosoma mkiwa nje ya Tanzania, hapa kwetu likizo ndefu ni mbili, ya Juni na ya Desemba, kila moja karibu mwezi mzima. Wenzetu wa Kenya wana yao ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka. Walio Marekani na Kanada ndo usiseme, huko kiangazi watoto wanakaa nyumbani miezi miwili na zaidi. Lakini popote ulipo tatizo ni lile lile: mtoto ana likizo, mzazi hana. Mama yuko Kariakoo na mzigo wake tangu alfajiri, baba yuko kwenye daladala, atarudi saa nne usiku. Sasa huyu wa darasa la tatu anabaki na nani?

Mtoto mdogo kabisa watu wanamfikiria. Atapelekwa kwa bibi, au atabaki na dada. Huyu wa miaka saba mpaka kumi na tatu ndiye anayesahaulika, maana kila mtu anasema "ah, mkubwa huyo, atajiangalia." Ni kweli atajiangalia, mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo atateremka bondeni Msimbazi kuangalia maji, au atadandia bodaboda ya mtu asiyemjua, au atalala kwenye kochi na simu mpaka macho yawe mekundu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na katika kuhangaika na maisha (kuandika andika hapa, kupiga picha za harusi pale) nimejikuta na kazi nyingine ambayo sikuitafuta. Dada yangu aliniachia wanae wawili likizo moja, jirani akaona, akaleta wake, mwingine akaleta. Sasa ni likizo ya tano, na Juni hii ninao tisa, hapa hapa kwetu Tabata, mdogo ana miaka sita na mkubwa kumi na tatu. Wazazi wanatoa shilingi elfu mbili kwa mtoto kwa siku, uji na chakula cha mchana ndani yake. Asiyekuwa na hela analeta mkaa au kilo za mchele, tunaelewana. Mama yangu anapika, mimi nakaa nao. Mtaani waliniita yaya wa kiume, wakacheka wakachoka. Nimeulizwa sana na watu ninafanyaje hao watoto wakatulia bila fimbo na bila tivii ya kutwa, ndo maana leo naandika.

Jambo la kwanza na ndilo kubwa. Mtoto wa shule siyo mtoto mchanga aliyerefuka. Wa miaka mitatu ukimpa sufuria na mwiko anapiga ngoma nusu saa, ameridhika. Wa miaka tisa anataka kujua: hii ya nini? Nani ameshinda? Mimi leo ni bora kuliko jana? Kile anachokifanya kisipokuwa na jibu la maswali hayo anakiacha baada ya dakika kumi na anarudi kwako, "Kaka, tufanye nini sasa?" Watu wanadhani dawa yake ni kumburudisha, wanamnunulia vitu, wanamwekea katuni. Mimi naona dawa yake ni kumpa kazi. Kazi yake mwenyewe, yenye mwanzo na mwisho, ambayo asipoifanya yeye hakuna atakayeifanya.

Nianze na mchicha, maana huo ndio umeniokoa.

Mchicha una tabia moja nzuri kwa sisi wenye watoto wa likizo: ukiupanda leo, baada ya wiki tatu hadi nne unang'oa. Na likizo ya Juni ni kama wiki nne. Yaani kama vile vilipangwa pamoja! Jumatatu ya kwanza tunakata viroba vya mchele, tunavikunja mpaka usawa wa goti, tunatoboa chini maji yasituame, tunajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya kuku. Mbolea iwe imekaa ikaoza, siyo ile mbichi ya jana kutoka bandani, hiyo inaunguza miche yote. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, mtoto akizimwaga kwa mkono zinaota zote sehemu moja kama nywele. Kwa hiyo tunachanganya na mchanga mkavu kwanza, halafu ndo tunanyunyiza. Siku ya nne ya tano hivi vijani vinachungulia, na hapo utaona watoto wamechutama mbele ya kiroba kana kwamba kuna sinema ndani.

Kila watoto wawili wana kiroba chao, mkubwa na mdogo, na kiroba kina jina (Juni hii tuna Simba, Yanga, Zuchu, na kimoja kinaitwa "Usiguse"). Wa tisa ni bwana maji, anagawa ndoo asubuhi na jioni na anaandika nani amemwagilia. Ukiniuliza, hiyo ya jina na ya kuandika ina nguvu kuliko mbolea. Mchicha wa Kaka ungekauka tangu siku ya pili. Mchicha wa Usiguse hauwezi kukauka, maana wa Simba na Yanga wanaangalia.

Mwisho wa likizo tunang'oa, tunafunga mafungu, kila mtoto anapeleka moja nyumbani kwao, yaliyobaki tunawauzia akina mama getini wakati wanarudi kazini. Nisieleweke vibaya hapa. Ni getini kwetu, mimi nimesimama pale pale, dakika kumi mafungu yamekwisha. Sijamtwisha mtoto beseni aingie barabarani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi, na wangu wote wako chini ya hapo. Kumwagilia kiroba chako na kuosha kikombe chako ni malezi. Kumgeuza mtoto wa darasa la nne kuwa mchuuzi kwa sababu shule imefungwa ni jambo jingine kabisa, na tunawaona wengi sana pale vituoni mwezi huu.

Kila kiroba kina daftari: mbegu kiasi gani, mafungu mangapi, yameuzwa shilingi ngapi. Likizo iliyopita kuna bwana mdogo wa miaka kumi na moja alifunga hesabu akakuta wana faida ndogo kuliko wenzao, na mafungu walikuwa nayo sawa. Akahesabu tena. Akarudia mara tatu, jasho linamtoka. Kumbe walimkopesha bibi mmoja mafungu mawili hawakuandika. Alitoka pale mbio kwenda kudai! Huyu ndiye ambaye mama yake alitaka nimpeleke twisheni kwa kuwa "hesabu hapendi".

Na nimalizane na hilo la twisheni hapa hapa kwa sababu najua wapo watakaonijia juu kwenye maoni. Sina ugomvi na masomo. Kila asubuhi baada ya uji tunakaa saa moja, kila mtu na kitabu, wakubwa wanawasomea wadogo kwa sauti, na wa darasa la saba ambaye mtihani wake ni Septemba namwongezea saa nyingine mchana. Inatosha. Mtoto aliyekaa darasani tangu Januari akili yake nayo inataka kupumua. Kenya walifika mpaka kuandika kwenye sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 kwamba mwanafunzi asilazimishwe twisheni ya likizo. Na ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kila tarehe 16 Juni tunafanya Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wanaandamana na mabango, hotuba zinasomwa, halafu kesho yake saa moja asubuhi watoto wale wale wako twisheni. Haya.

Turudi nyumbani. Kitu cha pili nilicho nacho ni boksi. Boksi kubwa la friji lililokatwa kifuniko, ndani yake kuna makorokoro: vizibo vya soda, kamba, chupa za maji tupu, makopo, maboksi madogo, vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani wa jirani, njiti za ufagio wa chelewa, malapa yaliyokatika. Hakuna kitu cha kununua mle. Sharti ni moja, unatoa unachotaka lakini jioni kinarudi. Wageni wakija wanadhani ni takataka, mama mmoja aliwahi kuniambia mwanae anarudi mchafu. Nilimwambia ni kweli, na kesho atarudi mchafu tena.

Kutoka kwenye boksi hilo unapata tiara, na Juni ndio mwezi wake. Pwani yetu sasa hivi kuna kusi, upepo unavuma kutoka kusini tangu Aprili mpaka Septemba hivi, na jioni unakuwa mzuri kabisa. Gazeti la zamani, njiti mbili za chelewa, moja umeinyoosha na moja umeipinda kama upinde, gundi ni ugali laini au uji mzito wa ngano, mkia ni kitambaa. Tiara isipopaa wanakuja kulalamika. Simwambii mtu kosa liko wapi, nauliza tu mkia wako una urefu gani na wa mwenzako aliyeko juu una urefu gani? Anakwenda kupima. Lakini tunarushia uwanjani tu, mbali na nyaya za umeme, na tiara ikinasa kwenye waya ndio imeshakufa hiyo. Hakuna kupanda, hakuna kuvuta kwa mti, hakuna kutupia jiwe. Hilo silijadili na mtoto.

Mpira nao unatoka humo humo. Zamani sisi tulikuwa tunafunga mpira kwa mifuko ya rambo, ulikuwa unadunda vizuri sana. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, watoto wa sasa hawaijui hata hiyo sanaa. Tunatumia soksi kuukuu na vitambaa, unashindilia, unafunga kwa kamba kama wavu. Haudundi kama ule, lakini hauvunji dirisha, na hilo kwa upande wangu ni sifa.

Kisha michezo. Hapa sihitaji kuwafundisha wabongo, ila niseme jinsi ninavyoichagua, maana kuchagua ndiko kwenyewe. Ukiwa na watoto wa miaka sita mpaka kumi na tatu pamoja, chandimu peke yake itakuletea vilio, wakubwa wanafunga magoli kumi na mbili, wadogo wamekaa pembeni wananyonya vidole. Rede inachanganya watu vizuri: wawili wanarusha mpira huku na huku, aliye katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na mdogo mwepesi anaweza kukaa katikati muda mrefu kuliko jitu la darasa la saba. Tumeweka sheria yetu kwamba walio chini ya miaka minane wanatoka wakigongwa mara mbili. Sheria hiyo waliitunga wenyewe baada ya ugomvi wa kutosha, sikuitia mkono.

Kombolela ni ya jioni, saa kumi na moja, na ina faida yake kwa sababu aliyekamatwa bado ana tumaini kwamba kuna mwenzie atatoka mafichoni apige kopo amkomboe. Mipaka lakini lazima itajwe kabla: mwisho ukuta wa kwa fundi, mwisho mwembe, na hakuna kujificha ndani ya gari bovu wala kwenye pipa la maji. Mdako ni wa watu wawili watatu waliochoka kukimbia, kishimo kidogo na kokoto tu basi.

Sasa saa nane mpaka saa kumi mchana. Wadau, mkisahau yote niliyoandika shikeni hili. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Wameshiba, jua limekaa, mtu mzima naye anasinzia, na mtaa umenyamaza. Ukifuatilia mambo mengi yanayowapata watoto likizo utakuta ni muda huo huo. Mwenyewe silali. Tunakaa kivulini nyuma ya nyumba, tunatoa bao. Bao tumelichimba chini tu, safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64 ambazo kwetu ni kokoto kwa sababu komwe sijui utazipata wapi Tabata. Babu mmoja mstaafu wa mtaani alianza kwa kupita tu anatuchekea tunavyocheza vibaya, siku ya tatu akaja na kigoda chake. Sasa ndiye mwalimu. Watoto wanamwogopa na wanampenda, na mimi nimepata mtu mzima wa pili wa kukaa nao bila kumlipa (kahawa tu).

Wengine muda huo wanapiga hadithi, paukwa pakawa, na kila Ijumaa kila mtoto lazima aje na kitendawili kimoja alichokipata kwa mtu mzima wa nyumbani kwao. Siyo cha kwenye simu, cha mdomoni mwa mtu. Unajua matokeo yake? Wazazi wanaorudi usiku wamechoka wanajikuta wanaulizwa vitendawili. Baba mmoja dereva alinipigia simu saa tano usiku kuniuliza jibu la kitendawili chake mwenyewe alichokisahau.

Tivii ipo, siyo adui. Ni saa moja tu, baada ya saa tisa, na tunachagua pamoja. Mara nyingi ni Ubongo Kids, kwa sababu ni ya Kiswahili, imetengenezwa hapa hapa Dar tangu mwaka 2014, na baada ya kipindi wana kitu cha kubishania. Simu hapana. Simu yangu ina nywila.

Kuna kitu wazazi hawakiamini nikiwaambia: kuna nusu saa kila siku ambayo siwapi chochote. Wanazunguka, wanalalamika hawana cha kufanya, wanalala chini kama wagonjwa. Nawaacha, niko pale naangalia lakini nimenyamaza. Nimeshaona watu wamebandika ratiba ukutani kwenye karatasi ya manila, kila dakika kumi na tano ina shughuli yake, na mtu mzima anakimbizana nayo mpaka anachukia watoto wa watu. Ukivumilia ile nusu saa ndipo mambo yenyewe yanapozaliwa. Wiki iliyopita ilizaliwa mwendokasi. Walichora njia kwa mkaa uani kote, maboksi yakawa mabasi, kukawa na vituo, tiketi zilizokatwa kwenye daftari la zamani, mkaguzi mkali wa miaka saba, na abiria wanaogombana na mkata tiketi kuhusu chenji. Basi moja likaharibika Ubungo, fundi akaitwa. Waliendelea siku tatu! Mimi ningekaa kufikiria mwezi mzima nisingebuni kitu kama hicho, na ningekibuni mimi wangekichoka saa hiyo hiyo.

Jikoni nako kuna kazi, na kwetu hakuna ya wavulana na ya wasichana. Mtoto wa miaka minane anaweza kuchambua mchele, kumenya kitunguu saumu, kusukuma chapati kwa chupa. Chapati zake zitakuwa na ramani ya Afrika, zitaliwa. Jiko la mkaa analishika mama tu, liko nje, na limechorewa duara la chokaa ambalo mtoto havuki. Kutumwa dukani ni kazi inayogombewa. Wanakwenda wawili wawili, hawavuki barabara kubwa, wameandika wenyewe orodha na wamepiga hesabu ya chenji kabla ya kuondoka.

Niseme na yale yasiyofurahisha, maana ukichukua watoto wa watu umebeba roho za watu. Nahesabu vichwa kila baada ya muda mfupi, kwa majina siyo kwa namba, kwa sababu watoto wa jirani wanaingia na ukihesabu namba tu unaweza kupata tisa na mmoja wako hayupo. Mpira ukiangukia bondeni haufuatwi, tunafunga mwingine. Mashimo yanayobaki watu wakichimba mchanga yanajaa maji mvua za masika, na Juni bado yana maji, juu yametulia kama sinia na chini hujui pakoje. Niliwapeleka wote mara moja tukasimama mbali, nikarusha jiwe, nikawaambia angalieni halionekani tena. Dawa za mama ziko juu kabatini na ufunguo ninao mimi.

Na hili la mimi kuwa mwanaume, wazazi wana haki ya kuuliza, na asiyeuliza ndiye ananitia wasiwasi. Taratibu zetu kila mzazi anaambiwa siku ya kwanza mbele ya mtoto wake: shughuli zote ni uani au barazani, milango iko wazi, hakuna mtoto anayeingia chumba cha kulala cha mtu yeyote, wa kwenda chooni anayehitaji msaada anakwenda na mama. Anayekuja kumchukua mtoto jioni ni yule aliyetajwa asubuhi, hata akija mjomba wa kweli kama hakutajwa tunapiga simu kwanza. Watoto wote wanaijua namba 116, ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, imeandikwa ukutani juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Mzazi, popote unapomwacha mwanao likizo hii, iwe kwa shangazi yake wa damu, uliza mambo haya haya. Mtu akikasirika kuulizwa mchukue mwanao urudi naye.

Wapo walioniuliza kama na wao wafungue. Kukaa na watoto wa majirani wachache ni ujirani, lakini ukitaka kiwe kituo rasmi cha kulelea watoto mchana, na kibao getini, hapo unatakiwa usajiliwe, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako akuelekeze kabla hujapokea hela ya mtu.

Ugomvi? Upo kila siku, tena mwingi kabla ya chakula kuliko baada. Kwa hiyo mihogo ya saa nne asubuhi nimeiona inafanya kazi kuliko mahubiri.

Kuna kitu kimoja tu kimenishinda na naomba msaada wenu. Magari. Ya maboksi yenye matairi ya vizibo tunatengeneza, ya kopo yenye matairi ya malapa pia tunatengeneza. Lakini wale vijana watatu wakubwa wameona picha ya gari la waya lile la zamani, lenye usukani mrefu unaoushika umesimama na matairi ya mbele yanakata kona kweli. Wamenisumbua wiki nzima. Babu wa bao anasema alikuwa analijua lakini vidole haviwezi tena. Waya tumeshapata. Kama kuna mdau anajua ule usukani unaungwaje na ekseli ya mbele, aandike hapo chini kwa maoni, au kama yuko Tabata aje hata Jumamosi. Uji utakuwepo.